Katuni ya familia isikimbizane na taarifa ya habari

Mhariri,

Rai kwamba Dodoma ipate katuni ya familia kwenye televisheni, ya kuwatania wanasiasa kila wiki Bunge linapokaa, ni nzuri mpaka kwenye hiyo "kila wiki". Mchora kibonzo cha gazeti anamaliza usiku, asubuhi kinasomwa. Animesheni ni kazi nyingine. Sekunde moja hubeba picha 24; kila mchoro ukikaa picha mbili, bado ni michoro 12. Dakika tano ni michoro 3,600. Programu zinazochezesha viungo vya mhusika hupunguza mzigo, haziufuti.

The Simpsons, katuni ya familia inayorushwa Marekani tangu Desemba 1989, hutumia miezi kadhaa kwa kipindi cha dakika 22 hivi. Ndiyo maana kejeli yake inayodumu hulenga tabia: Meya Quimby, mla rushwa mwenye maneno matamu, hajachakaa. Januari 1992 Rais George H. W. Bush alipoisema vibaya familia hiyo, jibu lilitoka ndani ya siku chache, lakini kama kipande kifupi kilichobandikwa mwanzoni mwa kipindi cha marudio. Kipindi kizima kumhusu kilikuja 1996, ameshatoka Ikulu.

Bajeti yetu husomwa Juni. Hadithi ya kipindi cha kuitania inatakiwa iwe imeandikwa mwaka uliotangulia, kabla hujajua kodi ipi itapanda. Basi iache kodi, mchukue mheshimiwa anayeiponda bajeti mwanzo mwisho, kisha "naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja". Mwenye nyumba wa Area D apandishe bei ya chumba Bunge likianza. Mwanawe alalamikie mlenda kijiko kwa kijiko, halafu aunge mkono hoja na kuomba uongezwe.

Sauti zirekodiwe kwanza, midomo ifuate. Kiswahili hapa kinatubeba: irabu tano, mdomo uliofumbwa kwa m, b na p, meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v; maumbo saba ya mdomo yanamaliza sehemu kubwa ya kazi. Jina la kodi au la wizara litamkwe na redio ya jikoni, au na mtu aliyegeuza mgongo. Likibadilika, unarekodi upya neno hilo tu bila kugusa mchoro.

Waziri halisi asichorwe kuwa mhusika wa kudumu. Baraza la mawaziri hupanguliwa bila taarifa (mchoraji ndiye wa mwisho kuambiwa), na vipindi vilivyokwisha kupakwa rangi havina pa kwenda.

Mchora katuni,
Nkuhungu, Dodoma