Mpwa wangu, usiufute mwezi wako wa Aprili

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia unataka kuchana karatasi zote na kuanza msimu upya. Eti timu ya besiboli ya Baltimore Orioles ya 1988 haiwezi kumaliza Aprili ikiwa imeshinda michezo 12 kati ya 23, kwa hiyo lazima kuna mahali umekosea kurusha dadu au kusoma kadi. Tafadhali usichane. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu wapo wengine wanaorudia misimu ya zamani ya besiboli kwa kadi na dadu, na matokeo yakienda kinyume na historia wanajisikia kama wamedanganya. Hamjadanganya.

Najua kinachokusumbua. Mtu akikulia Baltimore atasimuliwa Aprili ile hata kama hakuuliza. Tarehe 4 walifungua msimu nyumbani, wakafungwa 12-0 na Milwaukee. Baada ya vipigo sita mfululizo kocha Cal Ripken Sr. akafutwa kazi, na wanawe wawili, Cal na Billy, wakabaki kuichezea timu ileile iliyomfukuza baba yao. Akaja Frank Robinson, naye akafungwa mara 15 kabla ya kuonja ushindi. Vipigo 21 tangu siku ya kwanza! Hakuna timu ya ligi kuu iliyowahi kuanza msimu vibaya kiasi hicho. Ushindi wa kwanza ulipatikana Chicago tarehe 29, 9-0, kesho yake wakafungwa tena, mwezi ukaisha wakiwa na ushindi mmoja na vipigo 22.

Lakini kadi zako hazijui habari hiyo. Chukua ya mpigaji wao Eddie Murray uiweke mbele yako. Imetengenezwa kwa msimu mzima: wastani wa kupiga .284, mipira 28 aliyoitoa nje ya uwanja. Hal Richman, mbunifu wa Strat-O-Matic, mchezo huu wa kadi unaoucheza, aliupanga hivyo tangu alipoanza kuuuza mwaka 1961. Dadu ya kwanza ikitoa 1, 2 au 3, unasoma safu kwenye kadi ya mpigaji. Ikitoa 4, 5 au 6, unahamia kwenye kadi ya mrushaji. Jumla ya dadu mbili zilizobaki inakuonyesha mstari. Basi. Nusu ya majibu yako kwa Murray, nusu kwa anayemrushia, na hakuna popote palipoandikwa kwamba mwezi wa nne hapigi mtu.

Balaa lote la Aprili limo ndani ya kadi hizo, ila limesambazwa mwaka mzima. Timu ile ilimaliza na ushindi 54 na vipigo 107. Ukiiondoa Aprili, walishinda 53 kati ya michezo 138. Ni timu dhaifu, sawa, lakini si ile ya kuchekwa mjini kila asubuhi.

Nimekaa nikapiga hesabu, maana nilijua hutaniamini kwa maneno matupu. Tuseme kila mchezo timu hii ina nafasi ya 54 kwa 161 ya kushinda. Kushinda 12 au zaidi katika 23 ya kwanza hutokea karibu mara moja katika kila misimu 20. Sasa igeuze: timu hiyohiyo kupoteza yote 21 ya mwanzo ni takriban mara moja katika misimu 5,000. Umeona? Ukiweka Aprili yako kando ya ile iliyotokea kweli, ya ajabu ni ile ya kweli. Wewe umepata jambo ambalo mchezaji mvumilivu atalikuta siku moja. Wao walipata jambo ambalo hata dadu zisingethubutu.

Kabla hujashangilia mno, jumlisha mikimbio, yaani pointi za besiboli. Orioles halisi walipata 550 mwaka ule, wakaruhusu 789, na kanuni maarufu ya Bill James, mtaalamu wa takwimu za besiboli (mraba wa mikimbio uliyopata, ugawe kwa jumla ya mraba huo na mraba wa uliyoruhusu) inawapa ushindi 53 hivi. Fanya hesabu hiyo kwa michezo yako 23. Ukikuta umeruhusu mingi kuliko uliyopata, na ushindi wako mwingi ni wa mkimbio mmoja, jiandae kwa Mei ngumu. Ila usidhani dadu zinakudai. Hazitakuadhibu kwa sababu Aprili ilikuwa tamu. Katika michezo 138 iliyobaki tarajia kushinda kama 46, na ukijumlisha na 12 ulizonazo unapata 58. Zile 12 ni zako, haziondoki.

Jambo jingine ambalo sijasikia ukilitaja, nami ndilo lililonigusa zaidi: katika ligi yako mzee Ripken bado ni kocha. Nani angemfukuza mtu aliyeshinda michezo 12 kati ya 23? Cal anaingia uwanjani, Billy yuko pembeni yake kwenye kituo cha pili, na baba yao yupo benchi Mei yote. Ukichana karatasi zile unamfukuza mara ya pili. Mimi nisingeweza.

Kuhusu kumtoa au kumbakisha mrushaji Mike Boddicker, bishaneni mtakavyo kwenye ligi yenu, mimi msimamo wangu ni mmoja. Mwaka ule Orioles halisi walimpeleka Boston tarehe 29 Julai, wakapewa Brady Anderson na kijana Curt Schilling. Kwa timu iliyokwisha kuzama yalikuwa mabadilishano mazuri sana. Timu yako haijazama. Kama kanuni zenu zinakuruhusu kumbakisha, mbakishe, angalau hadi uone Julai inakukuta wapi.

Na usiruke tarehe 2 Mei. Siku ile Orioles halisi walirudi nyumbani wakiwa na ushindi mmoja na vipigo 23, na watu 50,402 wakajaa Memorial Stadium kuwapokea, wakashinda 9-4 dhidi ya Texas. Nataka kuona wa kwako watafanya nini wakirudi bila kuhurumiwa na mtu. Usicheze mchezo huo peke yako. Jumamosi jioni nitakuwa nyumbani, nipigie kwa video, uwe na dadu na karatasi tayari. Upande wa Texas nitauongoza mimi, na sitakuachia hata mkimbio mmoja wa bure.

Mjomba wako