Kamari ya simu ifungwe usiku

Mhariri,

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Langoni, Lamu, mwaka wa tisa sasa. Kibanda changu kiko kwenye kichochoro kinachoteremka ufuoni, na wateja wangu wengi ni wenye punda wa mizigo, akina mama wa mahamri na vijana wa boti. Naandika kwa sababu ya mmoja wa vijana hao, mtoto wa kaka yangu, na kwa sababu ya kazi niliyoifanya kwa mikono yangu miezi mitano nikidhani namsaidia.

Ana miaka 24. Huvusha watu kati ya Lamu na Shela kwa boti ya mtu mwingine. Kaskazi iliyopita wageni walikuwa wengi, na kila magharibi alipita kibandani kuweka pesa kwenye simu: leo 600, kesho 900, siku moja walipokodi boti kutwa nzima 2,500. Alikuwa ametuambia anatafuta injini ya mkono wa pili, ya nguvu za farasi kumi na tano, ili aache kuendesha boti ya watu. Nilimsifu mbele ya wenzake. Nilimwambia wifi yangu, "Mwanao ameshika adabu ya pesa."

Kusi lilipoanza kuvuma na wageni wakakatika, alikuja kuniomba 300 za unga. Nikamwuliza akiba yake iko wapi. Alinyamaza, kisha akanipa simu niione mwenyewe. Salio lilikuwa shilingi 41, na juu yake mikopo miwili ya simu haijalipwa. Nikamwambia akae ale kwanza. "Sina ndaa, shangazi," akasema, na mimi namjua mtoto huyu tangu alipokuwa anabebwa mgongoni, hajawahi kukataa wali wangu.

Usiku ule nilikaa na daftari la biashara, lile ambalo kila mteja hutia sahihi, nikazijumlisha sahihi zake moja baada ya nyingine kuanzia Novemba hadi Machi. Shilingi 112,450. Zote zilipita mkononi mwangu, na kwa kila aliyoweka nililipwa kamisheni. Alikuwa akiweka magharibi, na kabla ya alfajiri zimekwisha kwenda kwenye kamari.

Nimesikia mawaidha mengi juu ya kamari, na siyapingi. Lakini wanaowasema vijana kana kwamba wameshikwa na uchu tu wa pesa za bure hawawajui. Tulisomeshwa chuoni aya ya 219 ya Suratul Baqara, kwamba katika ulevi na kamari mna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Aya haikukana kwamba manufaa yapo. Sisi wakubwa ndio tunaokana, na kijana akituona tunakana kitu alichokionja, hatusikilizi tena.

Yeye alikionja hivi. Alibeti 50 kwa mechi sita za Ulaya, zote zikaja kama alivyosema, akapata 4,700. Jioni ile alileta kwao unga, sukari, na samaki mzima wa kupaka. Babake, ambaye hajamsifu kwa lolote tangu aache shule, alimwita "bwana mkubwa". Kwa kijana anayeendesha boti ya mtu, hilo halipatikani kwa shilingi 50 mahali pengine popote. Na hata mechi zisipokuja, zile 50 zimemnunulia saa mbili za kutumaini, akiwa na wenzake kwenye banda la mpira, wanapiga kelele pamoja. Ukitaka kumtoa huko, ujue unamtoa katika kitu gani.

Aliniambia pia neno ambalo limenikaa. "Shangazi, na bahari si kamari? Baba hutoka na mtego usiku, hajui atarudi na nini." Nilifikiri siku tatu kabla ya kumjibu. Bahari ina bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na ina maji mafu, yanaposogea kidogo tu, na mwezi humwambia mvuvi lini ni lipi. Mtu akivua miaka kumi, anaijua kuliko alipoanza. Lakini mbali na mechi anacheza pia mchezo wa kindege kwenye simu, na huo hauna mwezi. Kindege kinapaa, namba inapanda, 1.20, 1.80, 3, 7, na ukitoa pesa kabla hakijatoweka unalipwa dau lako mara namba hiyo. Kikitoweka nawe bado umo, dau limekwenda. Sekunde chache, kisha kingine kinapaa. Kila kindege kinaanza upya, hakikumbuki kilichotangulia.

Ndipo alipotoa daftari lake mwenyewe. Daftari la shule la kurasa 96, limejaa namba kwa safu, tarehe na saa pembeni, kama majedwali ya maji yanayobandikwa kwenye ofisi za bandari. Miezi mitano alikuwa akitafuta bamvua ya kindege. Mwandiko ni mzuri, namba zimepangwa, makosa yamefutwa kwa uangalifu. Nililia nilipoliona, Mhariri. Mtoto aliyeambiwa na walimu kuwa hana akili ya hesabu amefanya kazi ya karani mzima kwa kitu kisichokuwa na hesabu ya kukisia. Na wako watu kwenye makundi ya simu waliomuuzia "utabiri" wa namba hizo, 200 kwa juma.

Hesabu iliyopo ni nyingine. Michezo ya namna hii hutangazwa kwamba kwa kila 100 zinazochezwa, 97 hurudi kwa wachezaji. Zile 3 zinaonekana kitu kidogo. Lakini mizunguko mia yaweza kuchezwa ndani ya saa moja. Dau la 100 mara mia ni 10,000 zilizopita mezani, na fungu la mwenye mchezo, kwa wastani, ni 300. Hiyo ni nusu ya siku ya kuvusha watu Shela, imekwenda kwa saa moja, na ni kwa anayetulia kwenye dau moja. Mwenye kufukuza alichopoteza hatulii. Kuhusu jakpoti, ile zawadi kubwa ya kukisia sawa mechi zote 17, sitasema mengi: kila mechi ina matokeo matatu, na ukizidisha tatu kwa tatu mpaka hizo tatu zitimie kumi na saba, njia za kujaza ni 129,140,163. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47 na ushei. Hata tungejaza sote, kila mmoja njia yake, zaidi ya nusu ya njia hizo zingebaki bila mtu.

Sasa nakuja kwenye ninachotaka kusema. Nilipokuwa mdogo walikuwepo waliocheza karata kwa pesa katika mji huu. Walikutana kwenye gofu moja la nyumba nyuma ya mtaa wetu. Kufika huko mtu alilazimika kupita vichochoro vyetu ambamo punda wawili hupishana kwa shida, apite baraza baada ya baraza, zile za kuketi mbele ya nyumba, na kila baraza ina mzee wa kumsalimu na kumwuliza, "Wenda wapi saa hizi?" Wengine walirudia njiani. Sisemi mji ule ulikuwa wa malaika. Nasema kati ya mtu na kamari palikuwa na mwendo, na katika mwendo ule akili huweza kumrudia. Simu imeuondoa mwendo. Mshahara, akiba, mkopo na kamari vyote viko kwenye kioo kimoja, kitandani, saa nane za usiku, na hakuna baraza.

Pesa za simu zimetufaa sana tangu M-Pesa ianze 2007, na mimi ndizo zinazonilisha. Sitaki zirudishwe nyuma. Nataka mwendo ule urudishwe ndani yake.

Sheria mpya ya kudhibiti kamari ilitiwa saini Agosti 2025 ikachukua mahali pa ile ya 1966, iliyotungwa kabla simu hizi hazijaotwa. Ina mema yake. Miezi michache kabla, Aprili, matangazo ya kamari yalikuwa yamesimamishwa kwa siku 30, nalo lilikuwa jambo zuri. Ila mtoto wa kaka yangu hakuhitaji tangazo tena, mchezo ulikuwa tayari mfukoni. Ombi langu kwa wanaoandika kanuni za sheria hii ni mawili tu. Kwanza, pesa zisiweze kutoka kwenye simu kwenda kwenye akaunti ya kamari kuanzia saa tatu za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi. Pili, pesa za mkopo wa simu zisiweze kwenda huko kabisa, saa yoyote. Uingereza ilipiga marufuku kubeti kwa kadi za mkopo Aprili 2020, na mpira bado unachezwa kwao.

Nitaambiwa haiwezekani kimitambo. Mimi nafanya kazi ndani ya mitambo hiyo. Kila mtu akituma pesa kwenda kubeti, kodi ya serikali hukatwa palepale, hata senti haipotei njiani. Mfumo unaojua kwamba hii ni pesa ya kamari ili uitoze, unajua vilevile kwamba hii ni pesa ya kamari ili uizuie hadi asubuhi.

Na hili nalisema kwa wenzangu mawakala. Tunawajua. Tunamjua anayeweka 100 saa tatu usiku, akarudi baada ya nusu saa na 200, kisha 500 za kuazima, na mkono unatetemeka anapotia sahihi. Nilikuwa nikihesabu haraka ili nimpokee wa nyuma yake. Sasa mteja wa namna hiyo namwambia, "Mwanangu, keti kidogo," na nampa maji. Baadhi hukasirika, wakaenda kwa jirani. Mmoja alikaa mpaka nikafunga.

Mtoto wa kaka yangu tumekubaliana aniletee pesa mkononi, nizitie kwenye kopo la maziwa ya unga lililoko kwangu nyumbani, na babake ashike ufunguo wa kabati. Mara mbili tayari amekuja kuzidai usiku. Mara ya kwanza niliuomba ufunguo nikampa, kwa kuogopa sauti yake. Mara ya pili babake alitoka, wakakaa barazani wawili mpaka karibu na adhana ya alfajiri, na sikuwauliza walizungumza nini. Kopo lina 6,200. Mkopo mmoja bado haujalipwa.

Wakala wa pesa za simu,
Langoni, Lamu
(Jina nimelihifadhi kwa ajili ya kijana.)