Barua kwa Mama Mdogo: Tomi Bado Anamngoja Babu

Mama mdogo, shikamoo. Pole tena kwa msiba.

Umesema tangu matanga yaanuliwe, Tomi, mbwa wa marehemu Babu, hushuka kila jioni hadi feri Likoni, hulala chini ya mwarobaini pale steji, na akirudi usiku hali kitu. Majirani wanakwambia mwache, anamlilia mzee wake. Ni kweli anamlilia. Lakini tafadhali usimwache.

Hachiko wa Japani, mbwa wa Profesa Hidesaburo Ueno, aliendelea kwenda kituo cha treni cha Shibuya tangu bwana wake alipofariki Mei 1925 hadi yeye mwenyewe alipokufa Machi 1935. Wengi husimulia kwamba huzuni ndiyo iliyomwua. Mwili wake ulipopasuliwa ulikutwa na saratani, tena na minyoo ya moyo, ile inayoenezwa na mbu.

Mbu hapa Mombasa tunao, na kupe ndio usiseme. Homa ya kupe hufanana mno na majonzi: mbwa hali, analala kutwa, anakonda, macho mazito. Basi leo mfunue mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole, uachie. Palipopauka parudi rangi ya waridi ndani ya sekunde 2. Fizi zikiwa nyeupe, au anatoka damu puani, au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Hata fizi zikiwa nzuri, asipokula siku 2 mpeleke. Akipewa dawa za wiki 4, zimalizike zote. Watu huacha wakiona mbwa ameanza kula, na homa hurudi. Panadol na brufen usimpe kabisa: moja huharibu ini lake, nyingine tumbo na figo.

Kisha mtafute kupe ndani ya mikunjo ya masikio, makwapani na katikati ya vidole. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala usimponde kwa kucha. Wengine wamejificha kwenye nyufa za ukuta anapolala. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu, kwa hiyo ziba nyufa hizo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiikisie kwa macho, imeshaua mbwa wengi.

Chakula kiwe ugali laini na dagaa waliochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu huvunja chembe za damu, na mbwa mwenye kupe damu yake tayari ni haba. Mpe kidogo kidogo mara 3. Asipogusa, ondoa baada ya dakika 20, maana kwa joto hili huchacha. Mbwa wa kilo 20 anahitaji maji lita 1 kwa siku au zaidi.

Sasa kuhusu kungoja. Tomi anajua saa, njia na harufu. Babu alikuwa akishuka feri saa 12 jioni. Basi saa 11 na nusu mtu mmoja, yule yule kila siku, amtoe kwa kamba njia nyingine, na saa 12 awe ameshawekewa chakula nyumbani. Akigoma, nendeni naye steji, mkae robo saa, mrudi pamoja. Usimfunge mnyororo saa hiyo: atajiumiza shingo, na akichomoka atakimbilia barabarani bila kutazama malori. Wala asichapwe.

Mvishe mkanda wa shingo wenye namba yako ya simu, asije akadhaniwa mbwa koko. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa itafute katika vitu vya Babu. Mwaka ukiwa umepita, achanjwe tena, kwani pale steji watoto humshika.

Na nguo za Babu, mama mdogo, usizifue zote. Shati moja liweke pale Tomi anapolala.

Tuandikie usiku huu fizi zake zina rangi gani.