Barua kwa mwanangu Nekesa: hiyo masta ya maadili ya tiba

Mwanangu Nekesa,

Salamu kutoka hapa Busia, sisi wazima, mvua imeanza na njia ya sokoni ni matope tupu lakini biashara inaenda. Voisi yako ya kusema unataka kusomea masta ya maadili ya tiba hapo Makerere nimeipata, shida ni kwamba niliifungua baba yako mdogo akiwa ameketi hapo hapo, akasikia yote, na ndio maana naandika badala ya kupiga, kwa simu utanikatiza tu kama kawaida yako.

Unajua alisema nini? Eti tumesomesha daktari miaka yote hiyo, ng'ombe zimeuzwa, ili aende kufundisha watu tabia njema? Si hiyo ni kazi ya pasta? Nilicheka, lakini usikasirike, maana hilo swali utaulizwa na wengi, hata madaktari wenzako watakuuliza, wao tu watalifunika kwa heshima kidogo.

Mimi sijasoma bayoethiki, hayo mambo ya lipi ni haki kumfanyia mgonjwa. Lakini nimekaa wodini mpaka nimestaafu, na hiyo kazi naijua kabla haijapewa jina. Kulikuwa na mzee mmoja wodi ya wanaume, muuza samaki, tumbo limevimba, majibu yakarudi kutoka Kampala kwamba ni kansa ya ini na imeshaenda mbali. Watoto wake wakamvuta daktari koridoni, musawo (daktari) tafadhali, mzee asiambiwe, akijua tu atakufa kesho. Daktari akakubali, akaandika kwa faili kwamba familia imeomba, akaenda zake. Usiku wa manane, mimi niko zamu, mzee ananiita, sista kuja hapa, ananishika mkono juu ya kiwiko na vidole vyake vile vimekauka kwa chumvi, ananiuliza, msimu huu nipande ama nigawe shamba?

Kansa hakuitaja. Aliuliza shamba. Sasa wewe daktari niambie, ukimjibu "panda tu mzee wangu, utapona" si umemwibia? Na ukimwambia yote hapo gizani peke yake, watoto hawapo, daktari amelala, nayo je? Nilimuuliza, mzee, habari zako unataka tukuambie wewe ama kuna mtu unataka tumwambie? Akasema niambieni mimi, na mumwite yule mvulana wa pili, huyo mkubwa anaangalia ng'ombe zangu sana. Asubuhi nikamwambia sista mkuu, daktari akaitwa, mvulana wa pili akaitwa, maneno yakasemwa. Mzee alilia kidogo halafu akaomba chai. Yule mkubwa alitutukana wote mpaka jioni, lakini shamba liligawanywa na mwenyewe akiwa na akili zake.

Hapo hakuna aliyekuja na cheo cha mshauri wa maadili, lakini kazi ilikuwa hiyo hiyo. Wenzetu Marekani wameifanya idara kabisa, tangu mwanzo wa miaka ya 1990 hospitali zinazotaka ithibati lazima ziwe na njia ya kushughulikia mambo ya namna hii, kuna mtu wa zamu na simu yake, daktari anaweza kumpigia, nesi anaweza, hata ndugu wa mgonjwa. Akifika anasoma faili, anaenda kwa mgonjwa mwenyewe, anawauliza manesi (wale wazuri ndio wanaanza na manesi, hilo nakwambia), anakaa na familia, halafu anaandika ushauri ndani ya faili. Ushauri, si amri. Daktari bado ni daktari.

Lakini walifika hapo kwa kuumia. Unamjua yule msichana wa New Jersey, Karen Ann Quinlan, alizimia 1975 akiwa na miaka 21, wazazi wakaomba mashine ya kupumua itolewe, madaktari wakakataa, wakaenda mpaka mahakama ya juu kabisa ya jimbo, 1976 majaji wakawapa wazazi haki na wakasema hospitali ziwe na komiti za maadili, watu wasikimbilie korti kila mara. Mashine ikatolewa. Na binti akaendelea kupumua mwenyewe mpaka 1985! Hiyo huwa nawakumbusha wale wanaoongea kwa familia kana kwamba wamepiga simu mbinguni.

Na Seattle mwanzo wa miaka ya 1960, mashine za kusafisha figo zilikuwa chache, wakaweka watu saba, mmoja pasta, mmoja wa benki, mama wa nyumbani, mwanasheria na wengine, wachague nani apate nani akose, wakawa wanaangalia mtu ana kazi gani, ana watoto wangapi, anaenda kanisani ama haendi. Watu wakiambiwa hiyo wanashtuka. Mimi sishtuki. Hapa kwetu komiti ni nauli. Mtu wa Busia figo zimekufa, anatakiwa awe hospitali yenye hizo mashine, kama Kiruddu kule Kampala, kila wiki zaidi ya mara moja, hesabu taxi, hesabu kulala, hesabu anayemsindikiza. Hakuna aliyekaa kwa meza akamkataa, lakini amekataliwa. ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, vile vile, utafiti mmoja uliochapishwa 2020 ulihesabu vitanda 55 nchi nzima. Nataka ukiwa profesa uandike hiyo, ile ya Seattle imeandikwa ya kutosha.

Kitu kingine. Ukiitwa uambiwe kuna mgogoro wa maadili, kwanza uliza maumivu. Familia nyingi nilizosikia zikisema "muacheni apumzike" zilikuwa zimechoka kusikia mtu wao akipiga kelele, basi. Kabla daktari Anne Merriman hajaanzisha Hospice Africa Uganda 1993, ile ya kutunza wagonjwa wasiopona, mofini ya kunywa, hiyo dawa ya maumivu makali, tungeitoa wapi? Na 2004 sheria ikawaruhusu manesi waliosomea kazi hiyo waandike mofini wenyewe, ndipo hata huku mbali na Kampala mtu akaanza kulala usiku. Migogoro mingapi iliisha kwa chupa tu, bila komiti. Kwa hiyo maumivu, halafu pesa, halafu nani amemwambia nani nini, na kama bado kuna ugomvi hapo ndio utoe hizo falsafa zako.

Sasa pale ninapoogopa. Hapa Uganda pesa ya hii kazi iko kwa risachi. Komiti za kupitisha tafiti, karatasi za baraza la sayansi na teknolojia, propozo, wokshopu za hoteli Entebbe na posho yake. Si kazi mbaya, watu wetu wamefanyiwa majaribio sana na lazima mtu aangalie. Lakini itakumeza, utakuwa profesa wa mambo ya wagonjwa ambaye hajaona mgonjwa. Kabla hujasaini hapo Makerere, muulize msimamizi wako, nitakuwa wodini siku gani? Akijibu "tutaona", ujue wodini hutafika. Huko Marekani tangu 2018 kuna mtihani wa washauri, na bila masaa 400 ya kazi yenyewe hukubaliwi kuufanya. Hicho cheti chao achana nacho kwanza, ila masaa uyahesabu.

Na usiwe polisi, Nekesa, nakujua. Utakuta mama anahitaji kupasuliwa, mtoto anachoka tumboni, na watu wanasubiri bwana aje asaini. Ule mkataba wa haki za wagonjwa wa wizara, wa 2009, unasema mgonjwa mwenyewe ndiye anakubali, na daktari anajua, anaogopa tu bwana akija kuwasha moto. Ukiingia umeshika karatasi unapiga kelele, mama atapasuliwa, sawa, lakini wiki ijayo hawatakuita. Hii kazi inaishi kwa kuitwa. Simama na daktari wakati bwana anafika, sema wewe ndiye umeshauri, yakupate wewe. Watakuita tena.

Fomu zikitoka nitumie picha, ada ya semista ya kwanza nitaweka nusu, pesa ya mahindi inaingia mwisho wa mwezi, hiyo nusu nyingine ongea na kaka yako. Baba yako mdogo niachie mimi. Na Krismasi uje mapema, siyo usiku wa tarehe 24 na hizo taxi zenu za kukimbizana.

Mama yako