Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: kabla vizimba vya mafundi wa kuchomelea havijagawiwa

Ndugu Mkurugenzi,

Tunaandika sisi wakufunzi na mafundi wa kuchomelea vyuma, kuhusu eneo jipya ambako halmashauri inakusudia kuwahamishia mafundi wa mageti, grili, mapipa na bodi za magari. Kuhama hatukupingi. Ombi letu ni kwamba ukaguzi unaotangulia leseni ubadilike. Fomu tulizozizoea huuliza kama kuna mtungi wa zimamoto, sanduku la huduma ya kwanza na choo, kisha mhuri unagongwa. Vyote hivyo vinatakiwa, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, haikuandikwa kwa ajili ya viwanda vikubwa peke yake. Lakini karakana yaweza kuwa navyo vyote na bado saa nne asubuhi fundi akafa akikata pipa. Hapa tunaeleza mkaguzi atazame nini, tukianza na yanayoua siku hiyohiyo.

Pipa la lita 200 hununuliwa tupu ili likatwe liwe majiko au vyombo vya kunyweshea mifugo. Neno “tupu” ndilo linalodanganya. Mvuke wa petroli hulipuka ukichanganyika na hewa kwa kiwango cha kuanzia asilimia 1.4 hadi 7.6 hivi. Kwenye pipa la lita 200, kiwango cha chini ni kama lita 3 za mvuke, na mvuke huo hutokana na petroli isiyozidi kijiko kimoja cha chakula, ile inayojibanza kwenye mkunjo ambapo ubavu wa pipa unaungana na kitako. Pipa lililojaa lina mvuke mwingi mno na hewa kidogo. Lililomiminwa jana ndilo lenye mchanganyiko wa kulipuka. Dizeli inahadaa zaidi, kwa sababu ukinusa pipa lake huoni kitu cha kutisha, kumbe utando wa mafuta uliobaki ndani hugeuka mvuke pale moto wa kukatia unapopasha bati.

Kwa hiyo mkaguzi akiona mapipa uani, aulize yanaoshwa wapi. Kuosha maana yake ni kufungua vizibo vyote viwili, kumwaga masalia kwenye chombo (si mtaroni), kuosha kwa maji ya moto yenye magadi soda au sabuni ya unga, kusuuza, kurudia, kisha kulijaza maji hadi karibu na mstari wa kukatia na kuacha kizibo cha juu wazi ili joto lipate pa kutokea. Kusukasuka maji baridi mara moja hakuondoi kitu. Pipa lililobeba dawa za kilimo au kimiminika kisichojulikana lisikatwe kabisa, hata likioshwa mara kumi. Tangi la gari na mtungi wa gesi ya kupikia vimo kwenye kundi hilohilo. Imo pia rimu ya lori inayochomelewa tairi likiwa bado limevaa: joto huunguza mpira kwa ndani, mpira hutoa gesi, na tairi hupasuka hata kama upepo ulishatolewa. Tairi livuliwe kwanza. Ni kazi ya dakika chache, ila mwenye lori ana haraka.

Pili ni kabaidi. Mafundi wengi wa bodi hawanunui mitungi ya asetilini. Hutengeneza gesi wenyewe kwa kutia mawe ya kabaidi kwenye maji, ndani ya chombo kilichoungwa mtaani. Kilo moja ya kabaidi ya kawaida ya dukani hutoa karibu lita 300 za gesi. Asetilini huwaka ikiwa asilimia 2.5 tu ya hewa, na ikibanwa kupita takriban bar 1 juu ya hewa ya kawaida yaweza kulipuka yenyewe, bila cheche. Ndiyo maana chombo cha kienyeji kilichofungwa bolti nne na kukosa njia ya kupumulia ni bomu. Mkaguzi atazame mambo matatu: kama kuna mfuniko au vali inayofunguka yenyewe shinikizo likipanda, kama kuna kizuizi cha moto kurudi kati ya chombo na mpira wa gesi (hata kile cha maji, mradi maji yamo na yanafika alama), na kama kuna bomba au kiungo cha shaba tupu. Shaba ikikaa na asetilini hufanya utando ambao ukigongwa unalipuka. Harufu kama ya kitunguu saumu ikisikika kizimbani, gesi inavuja. Asubiri nje, simu ikiwa mfukoni.

Akiba ya kabaidi ikae kwenye kopo lililofungwa, juu ya kichanja, chini ya paa lisilovuja. Na yale matope meupe yanayobaki baada ya kazi, ambayo kila mtu huyaita chokaa na kuyamwaga mtaroni, hubeba punje ambazo hazijamaliza kutoa gesi. Kipisi kimoja cha sigara mtaroni kinatosha. Kitu kingine kinachosahauliwa ni kwamba kabaidi ikishika moto haizimwi kwa maji, kwani maji ndiyo yanayotengeneza gesi. Kila kizimba kiwe na mtungi wa unga mkavu na ndoo ya mchanga uliofunikwa, mkavu kweli, na anayepiga 114 kuita Zimamoto aseme tangu mwanzo kwamba kuna kabaidi.

Mtungi wa oksijeni tutausema kwa ufupi. Ufungwe mnyororo ukiwa wima, usipakwe grisi wala oili kwenye nyuzi za vali, maana mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo huwaka bila kiberiti. Oksijeni isitumike kupulizia vumbi nguoni wala kujazia tairi. Fundi akijipuliza oksijeni kupunguza joto la mchana, ovaroli huinywa, na cheche ya kwanza inayotua humgeuza mwenge.

Umeme unataka maelezo marefu zaidi, kwa sababu mashine nyingi za kuchomelea mtaani zimesukwa mtaani. Ufundi wake tunauheshimu. Hatari yake iko mahali pawili tofauti, na wakaguzi huzichanganya. Upande wa kuingiza una volti 230 au zaidi: hapo mkaguzi atakuta waya mbili zimechomekwa kwenye soketi na kukazwa kwa njiti za kiberiti, plagi hakuna, athi (waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja) hakuna, na bodi ya mashine ni chuma kitupu kilichokaa juu ya udongo wenye unyevu. Dawa yake ni plagi halisi, waya wa athi kwenye bodi, na breka inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Upande wa kutoa una volti 50 hadi 80 wakati fundi hajagusisha kijiti cha kuchomelea, na watu huudharau. Fundi mwenye jasho, aliyevaa kandambili, akipiga goti juu ya chuma anachochomelea huku akibadilisha kijiti kwa mkono mtupu, anaweza kufa kwa volti hizo. Breka haitamsaidia hapo, kwa kuwa upande huo umetenganishwa na ule wa kuingiza. Kinachomlinda ni glavu kavu za ngozi, viatu vya soli ya mpira, ubao mkavu chini ya magoti, na holda (kishikio cha kijiti) ambayo ganda lake halijapasuka.

Tazameni pia klampu ya athi, ile ya waya unaorudisha umeme kwenye mashine, imeng'ata wapi. Iking'ata nguzo ya kizimba badala ya kazi yenyewe, umeme wa kuchomelea hutafuta njia ya kurudia, na njia rahisi yaweza kuwa waya wa athi wa jirani. Waya huo mwembamba huungua ndani ya plastiki bila kuonekana, na kesho yake jirani anawasha grenda isiyo na athi wala habari. Kwenye vizimba vilivyoungana kwa fremu moja ya chuma, kama vile tulivyoona mmechora, jambo hili litatokea. Klampu iwe juu ya kazi, karibu na pale panapochomelewa.

Kwenye grenda, kosa ni moja na linaonekana kwa mita kumi: kava limetolewa. Hutolewa ili mashine ndogo ya diski ya milimita 115 ibebe diski ya milimita 230. Diski hiyo kubwa imeandikwa mwisho wake, karibu mizunguko 6,600 kwa dakika. Mashine ndogo huzunguka kama 11,000. Diski za kawaida zimetengenezwa kuhimili mwendo wa mita 80 kwa sekunde ukingoni, na hapo inapelekwa kwenye 130. Ikipasuka, vipande vinaelekea usoni na shingoni. Mkaguzi aichukue diski mkononi, asome kile kipete cha chuma katikati: kina mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwani gundi yake huchoka, na unyevu huichosha mapema. Diski ya kukatia isitumike kusugulia kwa ubavu.

Sasa yale yanayoua polepole. Bomba na mabati yenye zinki ndiyo mali ya kila siku ya fundi wa mageti. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chuma kinayeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo kabla chuma hakijashika, zinki imekwisha kupaa kama moshi mweupe na nyuzi nyeupe kama za buibui. Anayeuvuta hujisikia mzima hadi jioni. Baada ya saa 4 hadi 10 anatetemeka, ana homa, kiu, na ladha ya chuma mdomoni. Anakwenda duka la dawa kununua dawa ya malaria, kesho kutwa amepona, na wote wanaamini ilikuwa malaria. Dalili ya kuitambua ni siku: mwili huizoea kidogo katikati ya wiki, ukapoteza mazoea hayo wikiendi, kwa hiyo homa hupiga zaidi Jumatatu. Apimwe malaria, ndiyo, lakini amwambie mhudumu kwamba alichomelea zinki. Pumzi zikibana na kuzidi kubana, hiyo si homa hii tena. Aende hospitali usiku huohuo.

Kinga yake ni kusugua zinki iondoke sentimita 5 kila upande wa kiungo, na kukaa upepo ukipita ubavuni. Upepo ukitoka mgongoni, moshi huzunguka mbele ya kifua na kupanda usoni. Barakoa ya kitambaa haichuji moshi huu. Inatakiwa ile ya N95 au FFP2. Maziwa, ambayo kila karakana huyasifu, yanakwenda tumboni na moshi uko mapafuni. Tangu mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la visababishi vilivyothibitika.

Mwanga wa kuchomelea pia hauishii kwa fundi. Saidia fundi anayeshikilia bomba huku akigeuza uso, mama lishe wa kizimba cha mbele na mtoto anayesubiri chenji, wote huamka saa nane usiku wakihisi mchanga machoni. Fundi anahitaji kioo cheusi cha kuchomelea, namba 10 au 11. Miwani ya jua haitoshi. Majirani wanahitaji pazia la turubai zito au bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kimo cha mita 2.

Kutokana na hayo tunaomba, Ndugu Mkurugenzi: wachuuzi wa chakula wasipangwe mkabala na vizimba hivi, ghala moja la kabaidi lijengwe kando, sakafu yake ikiwa imeinuliwa na kuta zina matundu juu na chini, mitungi ya oksijeni iliyo akibani ikae mita 6 kutoka kwenye gesi, shimo la chokaa lichimbwe mbali na mtaro, na fremu ya kila kizimba itengwe na ya jirani. Gharama yake sasa ni mabadiliko ya mchoro.

Na wakaguzi waje kazi ikiendelea, bila taarifa. Ukaguzi uliotangazwa hukuta ua umefagiwa, mapipa yamefichwa nyuma na kava la grenda limerudishwa kwa siku moja. Tuko tayari kuzunguka nao bila malipo kwa wiki mbili za mwanzo. Waje wamevaa viatu vya kufunika, na wabebe kopo la maji ya sabuni na brashi ndogo ya kupaka viungo vya mpira wa gesi. Panapotoa povu pafungwe kwanza, halafu ndipo fomu ijazwe.

Wenu katika kazi,
Wakufunzi na mafundi wa kuchomelea vyuma