Fundi, pima kwanza ndipo ushushe injini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na mafundi wa magari, pamoja na wenye magari wenzangu ambao wakisikia tu neno "gasketi", kile kizibo bapa kinachokaa chini ya kichwa cha injini, mkono unaenda wenyewe kwenye pochi. Mimi si fundi. Ni mtaalamu wa maabara, mwaka wa kumi na tisa sasa nawatoboa watu vidole hapa Iringa. Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya 2003, lile lenye tundu kubwa juu ya boneti, ambalo mdogo wangu aliniachia kwa bei ya undugu alipopata kazi nje ya nchi. Vijana wakiliona barabarani hunguruma pembeni yangu wakitaka tushindane. Wakichungulia na kumkuta mama wa miaka arobaini na sita aliyejifunga kitenge, wanapunguza mwendo wenyewe.

Juni mwaka jana gari lilianza kunukia. Sisemi kunuka, maana harufu ya kulanti, yale maji ya kupozea injini, ni tamu, kama peremende iliyodondokea kwenye jiko la mkaa. Ilikuja asubuhi tu. Nawasha saa kumi na mbili na nusu, Kihesa bado imejaa ukungu, na kabla sijatoka getini harufu imeingia ndani. Nikifika kazini imekwisha. Nilikagua chini ya gari: pakavu. Nikapapasa zulia upande wa abiria: kavu. Kioo cha mbele hakikuwa na utando wowote wa mafutamafuta, kwa hiyo rejeta ndogo ya hita nikaiondoa kwenye orodha. Chupa ya akiba ya kulanti ilipungua upana wa kidole kimoja kwa wiki mbili. Yote haya niliyaandika kwenye daftari na tarehe zake, ndivyo tulivyofunzwa.

Daftari hilo fundi wa kwanza hakulifungua. Alinusa, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha ya mapafu mabaya, akasema, "Dada, hii hedi gasketi. Subaru zote ndivyo zilivyo. Injini ishuke." Milioni moja na laki nane, spea mbali. Nikamuuliza amejuaje. Akanusa tena.

Sikatai kwamba Subaru za injini ya 2.5 zisizo na turbo za miaka ile zilijijengea jina kwa kuvujisha gasketi. Ila langu ni la lita 2.0 lenye turbo, injini nyingine, na fundi alikuwa amesikia jina la ukoo akawapa watoto wote ugonjwa mmoja. Tena nilimweleza jambo ambalo kwangu ndilo lililokuwa ushahidi mkubwa. Wiki moja kabla nilikuwa natoka Morogoro, nikapanda Kitonga saa saba mchana nyuma ya malori yanayotambaa, gia ya pili mlima mzima. Mshale wa joto haukusogea. Nilisimama juu, nikafungua boneti, nikainama: harufu hakuna. Hedi gasketi inayopitisha moshi kwenye maji ingeniumbua Kitonga, penye joto na mzigo. Isingenisubiri uani kwangu alfajiri.

Kosa langu ni kumwachia gari siku moja "aangalie". Jioni nakuta themostati imetolewa. "Nchi yetu ya joto, mama, hiki kidude ni cha kwao kwenye barafu." Ndugu Mhariri, huyu anasema hayo Iringa, mwezi wa saba, amevaa koti! Themostati ya gari hili huanza kufunguka kwenye nyuzijoto 78 hivi. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Ukiitoa, injini inabaki na baridi, petroli inanywewa kama maji ya kisima, na hita inakupulizia upepo wa Mufindi. Nimeendesha wiki nzima nikiwa na glavu. Na harufu ya asubuhi iko palepale.

Kulanti aliyoitoa alikuwa ameimwaga kwenye mtaro mbele ya gereji, panapopita mbwa na watoto wa shule. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, na ladha yake ni tamu kama harufu yake, hivyo mbwa huilamba bila kusitasita, na mtoto naye anaweza kuonja. Mwilini hubadilika kuwa asidi ya oksaliki, nayo ikikutana na kalsiamu hutengeneza fuwele. Fuwele za namna hiyo huwa naziona moja moja kwenye mkojo wa watu wenye afya kabisa, si kitu cha kuogofya. Kwa aliyekunywa kulanti huwa nyingi, na huharibu figo. Wekeni dumu, jamani. Dumu tupu la mafuta ya kula linatosha.

Niliambiwa kuna mzee Ipogolo. Gereji yake ni mwembe na meza. Alisoma daftari langu lote, kurasa mbili, akiwa amesogeza miwani kwenye paji la uso, kisha akaniambia, "Mama, liache hapa lilale. Kesho uje kabla jua halijatoka." Nilifika saa kumi na mbili kasoro, boneti ina umande.

Kwanza aliona kitu ambacho mimi na daftari langu hatukukiona. WRX hii ina vifuniko viwili vya maji: kimoja juu ya rejeta, kingine juu ya kitangi kidogo cha chuma karibu na injini. Springi zake hazilingani. Chenye springi laini zaidi hukaa kwenye kitangi, ili mgandamizo ukizidi maji yatokee huko yaende kwenye chupa ya akiba. Gereji ya kwanza walivibadilisha nafasi. Kwa macho ni mapacha, ila ukikigeuza utaona namba zake. Wala si jambo dogo. Hapa Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya chai huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Kifuniko kizima kikiyabana, maji hupita 110 bado yametulia.

Kisha akatoa mashine yake. Alikuwa amechukua kifuniko kikuukuu cha kitangi, akakitoboa katikati, akapachika valvu ya tairi, akaunganisha pampu ya baiskeli na geji. Akakifunga, akapampu taratibu hadi paundi 15, akaacha. "Usizidishe," aliniambia, "utapasua rejeta halafu useme ndiyo iliyovuja." Tukakaa kwenye benchi. Mshale ulishuka kwenye 14, ukashuka 13, kwenye dakika ya tano ukawa 11. Hakusema neno. Alifungua intakula iliyo juu ya injini, ile inayopoza hewa ya turbo, akaingiza kioo kidogo cha kujitazamia na tochi ya simu chini ya manifoldi ya hewa, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, akaniita nami nichungulie. Kulikuwa na mpira mfupi wa maji, unene wa kidole gumba, na kwenye bana yake duara la ukoko mweupe wenye rangi ya kijani pembeni. Pale tukichungulia tone moja likajikusanya, likaning'inia, likadondokea kwenye mgongo wa injini.

Basi mambo yote yakaeleweka. Mpira umezeeka na kuwa mgumu, bana imechoka. Usiku wa baridi vinasinyaa, panakuwa na upenyo. Asubuhi injini ikianza kusukuma maji, tone linatoka, linaangukia juu ya injini inayopata moto, linakuwa mvuke kabla ya kufika ardhini. Ndiyo maana chini pakavu. Mvuke unavutwa na matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, unaingia puani mwangu. Injini ikishapata moto vyote vinatanuka, panajiziba penyewe. Kitonga ningepanda mara kumi nisinuse kitu.

Kwa kuwa neno gasketi lilikuwa limeshanikaa kichwani, nilimwomba apime na hilo. Ana chupa ya dawa ya bluu. Injini ikiwa ya moto alipunguza maji kidogo kwenye kitangi, akavuta hewa ya juu ya maji ipite kwenye dawa. Ikigeuka njano, moshi wa silinda umeingia. Nilicheka, maana naijua: ni ndugu wa ile bromothimoli bluu ambayo wanafunzi huipulizia pumzi kwa mrija ili waone kabonidayoksaidi. Ilibaki bluu kama sare za shule.

Mpira na bana mbili, elfu ishirini na mbili. Themostati mpya, elfu thelathini na tano. Kulanti na ufundi, elfu tisini. Wakati wa kujaza aliinua pua ya gari kwenye mawe, akamimina taratibu kupitia kitangi, hita imefunguliwa mpaka mwisho, hadi mapovu yakaisha. Alikataa kabisa ule unga wa kuziba matundu unaouzwa madukani. Alisema njia za maji za turbo ni nyembamba, na unga haujui kutofautisha tundu baya na tundu zuri.

Ninachowaomba mafundi ni kitu kimoja. Mgonjwa akija kwetu na homa hatumpi dawa ya malaria kabla ya kuona damu yake, hata kama mtaa mzima una malaria. Pampu ya kupimia maji ya rejeta inauzwa, na asiyeweza kuinunua aende Ipogolo akaone kifuniko chenye valvu. Wenye magari nasi tuulize: umepima kwa kifaa gani, mshale ulisoma ngapi, umeona wapi panapovuja? Akijibu kwa pua, ondoka na gari lako.

Na wewe fundi wa kwanza, kama gazeti hili linafika kwako: themostati yangu ya asili bado unayo. Haikuwa na kosa lolote. Nitaipitia Jumamosi saa nne.

Msomaji wako,
Kihesa, Iringa
(Jina langu unalo, Mhariri. Usilichapishe.)