Fidla yenye vitufe, na kodiani yako

Somo yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote nimecheka. Unasema yule mwanamke wa Toledo kule Hispania, Ana Alcaide, anatuchezea: nyimbo za Wayahudi wa Hispania, ala ya Uswidi, hapo mila iko wapi? Na wewe, kodiani yako ilichongwa Makunduchi?

Ana Alcaide alisomea biolojia. Masomo yakamfikisha Uswidi, huko akakutana na nyckelharpa, ile fidla yenye vitufe uliyoiona. Ina nyuzi 16, ila upinde unagusa nne tu. Zile 12 zilizobaki hakuna anayezigusa; zinatetema zenyewe zikisikia wenzao wanalia, ndiyo maana unahisi kama kuna mtu anaimba chumba cha pili. Alirudi nayo Toledo akajifunzia vichochoroni, mbele ya wapita njia. Mwaka 2007 akatoa albamu ya nyimbo za Wasefaradi, ndio hao Wayahudi wa Hispania. Fidla ya kawaida anapiga, kinubi anapiga, na bado anaimba.

Sasa hizo nyimbo. Machi 1492 Ferdinand na Isabella, mfalme na malkia wa Hispania, walitoa amri: Myahudi abatizwe au awe ameondoka kufikia mwisho wa Julai. Watu wakatawanyika Moroko, Salonika, Istanbul, Sarajevo, na Kihispania chao mdomoni, hiki wanachokiita Ladino. Wanawake ndio walioziweka hai nyimbo zao, jikoni, harusini, wakibembeleza watoto, mara nyingi kwa sauti tupu au tari basi. Waliofika kwa Waturuki wakakuta ala za udi na kanuni, wakazichukua. Kwa hiyo ukinitafutia ala ya asili ya nyimbo hizi, somo, utanikuta bado nangoja.

Nikupe na mpigaji wa kodiani, maana najua ndiko moyo wako uliko. Flory Jagoda alizaliwa Bosnia mwaka 1923, na nyimbo alifunzwa na bibi yake (wao husema nona) katika mji mdogo wa Vlasenica. Mwaka 1941, vitani, Wayahudi wakisakwa, alipanda treni Zagreb kukimbilia usalama Split, msichana wa watu, na kodiani mapajani. Aliambiwa asifungue mdomo. Akapiga njia nzima. Vita vilipokwisha, jamaa zake 42 walikuwa wameuawa. Yeye akaishia Marekani, akaziimba, akaziandika, akawafunza wengine mpaka alipofariki mwaka 2021. Mwenye haki ya kumwambia kodiani si ya Wasefaradi ni nani?

Lakini kuna mahali umenipata, nakubali. Alcaide wakati mwingine anapendeza mno. Kila kitu kimepigwa pasi, hakuna mkunjo. Jagoda hata uzeeni, sauti imeshapungua, ukimsikiliza unamsikia na yule nona nyuma yake. Nyuzi 12 hizo nazo, ila si za chuma.

Nimekuwekea wote wawili kwenye flashi, mdogo wangu atakuletea Ijumaa. Usisikilize kwa simu tafadhali, ile sauti ya chini haitoki. Tumia spika za kikundi, na mlango ufunge, majirani zako nawajua.

Wako,
Somo